Jina la Uvimbe Hutolewa na Darubini

Hotuba ya daktari wa patholojia katika semina ya elimu ya wanachama, mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi



Nimezoea kufanya kazi katika chumba kidogo, nikiwa na darubini mbele yangu, na wagonjwa ninaowahudumia aghalabu hawanioni wala hawalijui jina langu. Daktari wa macho mnamfahamu, na wa meno vilevile; lakini daktari wa patholojia ni wachache wanaomfahamu. Kazi yake ni kupokea kinyama kilichokatwa kutoka mwilini mwa mgonjwa, kukichunguza, na kumwandikia tabibu mwenzake aliyekileta: ugonjwa huu ni fulani, nao umefika mahali fulani. Leo nitazungumza juu ya saratani, ambayo wengi huiita kansa, kama inavyoonekana kutoka kwenye meza hiyo.

Neno langu kuu ni moja, nami nalitanguliza ili lisipotee katikati ya mengine. Uvimbe hauwezi kuaminiwa kwa kutazamwa na kupapaswa tu. Jina lake hutolewa na darubini, na jina likichelewa, matibabu nayo huchelewa.

SARATANI NI NINI?

Neno saratani limetujia kutoka lugha ya Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni kaa, yule kiumbe wa pwani mwenye magando. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Basi watu wa zamani waliuona uvimbe ulioshika nyama ya mwili kwa miguu mingi, lakini hawakuweza kuona umetengenezwa kwa kitu gani. Ilipasa kungoja darubini nzuri. Mwaka 1858 Rudolf Virchow, daktari wa patholojia wa mjini Berlin, alitoa kitabu alichofundisha ndani yake kwamba kila chembe hai huzaliwa na chembe hai nyingine, na kwamba chanzo cha maradhi kitafutwe ndani ya chembe hizo. Hata leo kazi yetu imesimama juu ya msingi huo.

Ninyi ni watu wa ushirika, kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba mwili wa mwanadamu unafanana na chama chenye wanachama wengi mno. Kila chembe hai ni mwanachama mwenye kazi yake. Chembe ya ngozi huzaliwa, hutumika, huchakaa na kufa, na nyingine hushika nafasi yake kwa kadiri inavyohitajika, wala si zaidi. Masharti ya chama hiki yameandikwa ndani ya kiini cha kila chembe, katika vitu viitwavyo jini. Saratani huanza pale maandishi hayo yanapoharibika katika chembe moja, nayo ikaacha kuyatii masharti.

Lakini kosa moja halitoshi. Kwa kawaida makosa kadhaa hukusanyika kwa muda wa miaka mingi. Moja huifanya chembe izae bila kuagizwa. La pili huifanya ikatae kusimama inapozuiwa. La tatu huifanya ikatae kufa wakati wake ukifika. Na jingine huipa nguvu ya kuvuka mpaka na kuingia katika shamba la jirani. Ndiyo sababu saratani nyingi huonekana zaidi kwa watu wenye umri mkubwa, ingawa watoto nao hawakusalimika.

Hapana budi pia kufahamu kwamba si kila uvimbe ni saratani. Uko uvimbe unaokua na kuwasukuma majirani, lakini haupenyi ndani yao. Mfano wake ni vile vivimbe vya misuli ya mji wa mimba ambavyo akina mama wengi huwa navyo. Saratani haina adabu hiyo. Huupenya utando mwembamba unaotenganisha tabaka moja la mwili na jingine, huingia katika mishipa ya damu na ya limfu, kisha husafiri na kufanya makazi mapya katika ini, mapafu, mifupa au ubongo. Na hata ikihama, haisahau kwao. Saratani ya titi iliyohamia katika ini ni saratani ya titi bado, na mara nyingi darubini huitambua kwa sura yake.

HESABU YA KUCHELEWA

Sasa naomba tufanye hesabu. Tuchukue chembe moja, izae iwe mbili, mbili ziwe nne, nne ziwe nane. Ikiendelea hivyo mara 30, tutapata chembe zaidi ya milioni 1,000. Hizo zote pamoja ni kama gramu moja, uvimbe wa ukubwa wa punje ya karanga, nao ndio kwanza mtu ameanza kuuhisi kwa kidole. Tangu hapo, uvimbe ukijizidisha maradufu mara 10 tu, utafika uzito wa kilo nzima, mzigo ambao ni wachache wanaoweza kuuchukua mwilini na kuishi.

Ni kweli kwamba katika mwili wenyewe mambo hayaendi sawasawa namna hiyo, kwa maana chembe nyingi za saratani hufa njiani. Hata hivyo, hesabu hii inatufundisha jambo kubwa: siku mtu anapougusa uvimbe kwa mara ya kwanza, robo tatu ya safari yake imekwisha kupita. Asemaye, "Ngoja tuvune kwanza, nitakwenda hospitali baadaye," anadhani yuko mwanzoni mwa safari, kumbe anaitumia robo ya mwisho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa huu, ufa wenyewe huonekana ukuta ukiwa umekwisha kuinama.

SAFARI YA KINYAMA

Kinyama kikikatwa, jambo la kwanza ni kukizuia kisioze. Hutiwa katika dawa iitwayo formalini, ambayo inapasa iwe nyingi, yapata mara kumi ya ukubwa wa kinyama chenyewe. Kikifika maabara hukaushwa maji kwa spiriti na kugandishwa ndani ya nta. Kisha hukatwa kwa mashine yenye wembe mkali sana, kwa wembamba ambao unene wa milimita moja hutoa vipande zaidi ya 200. Kipande kimoja huwekwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili. Ya kwanza, iitwayo hematoksilini, asili yake ni mti wa Amerika ya Kati, nayo huvipaka viini vya chembe rangi ya buluu ya zambarau. Ya pili ni eosini, inayoipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi.

Hapo ndipo ninapoketi kutazama. Je, viini vya chembe vinalingana, au vimekuwa vikubwa, vyeusi na vya kila umbo? Chembe ngapi zimekamatwa zikiwa katika kugawanyika? Je, mpaka umevukwa? Kuna chembe ndani ya mishipa? Na pale mpasuaji alipokata, kingo zake ni safi, au mzizi umeachwa mwilini? Kutokana na majibu ya maswali hayo huandikwa daraja la ugonjwa, yaani ukali wa chembe zenyewe, na husaidiwa kupimwa hatua yake, yaani umbali uliofika. Kwa saratani ya titi hutazamwa pia kama chembe zinapokea amri za homoni, maana jambo hilo huamua mgonjwa atapewa dawa gani. Tabibu akikosa majibu haya ni kama msafiri wa usiku asiye na taa.

Kwa huzuni nawaambieni kwamba si mara moja nimepokea kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi, ndani yake kinyama kinaelea katika maji matupu baada ya safari ya siku nne. Kinyama kama hicho huwa kimeoza, chembe zote zimeyeyuka, nami sina la kuandika isipokuwa kwamba hakisomeki. Mgonjwa amekwisha kukatwa, amevumilia maumivu, ametumia nauli, na bado hajui anaumwa nini.

WAGONJWA WAWILI

Nitawasimulia habari za wagonjwa wawili, bila ya kutaja majina yao wala mahali walipotibiwa.

Wa kwanza alikuwa mama wa makamo, mkulima, aliyekuwa na uvimbe katika titi wenye ukubwa wa ndimu. Alikwenda kutibiwa, uvimbe ukatolewa vizuri, kidonda kikapona, akaambiwa aende nyumbani kwa kuwa umekwisha. Kinyama chenyewe kilitupwa shimoni pamoja na takataka za siku ile. Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili akarudi akiwa na uvimbe mwingine kwapani. Safari hii kinyama kililetwa kwangu, nami niliikuta saratani ya titi imejaa ndani ya tezi ya kwapa. Jibu hilo lilikuwako tangu siku ya kwanza, ndani ya kile kilichotupwa. Mama yule alitibiwa, lakini kwa safari ndefu zaidi na kwa matumaini madogo kuliko yale ambayo angekuwa nayo.

Wa pili alikuwa mzee mwenye matezi yaliyovimba shingoni, aliyekonda na kutokwa jasho kila usiku. Nyumbani kwake walikwisha kuamua kwamba ni kansa. Ng'ombe wawili walikuwa wameuzwa, na wanawe walianza kuzungumza habari za mipaka ya shamba. Kinyama chake kilipofika chini ya darubini sikuona saratani hata kidogo. Niliona kifua kikuu kilichoingia katika matezi. Ugonjwa huo hutibiwa kwa vidonge kwa muda wa miezi sita, navyo hutolewa bure. Mzee yule alipona akarudi shambani, ila ng'ombe wake hawakurudi.

Kwa hiyo basi, Ndugu Wanachama, darubini haipo kwa ajili ya kuhukumu tu. Mara nyingi humfungua mtu aliyekwisha kufungwa na maneno ya majirani.

JE, KISU HUSAMBAZA SARATANI?

Swali hili nimeulizwa mahali pengi. Watu husema kwamba uvimbe ukiguswa kwa kisu hukasirika na kusambaa mwili mzima, na wanao ushahidi: fulani alipasuliwa, na baada ya miezi michache akafariki. Siwacheki wasemao hivyo, kwa sababu waliyoyaona wameyaona kweli. Lakini wamekosea sababu. Fulani huyo alipasuliwa wakati ugonjwa ulipokuwa umekwisha kuhamia katika ini au mapafu, na kisu kililaumiwa kwa kosa la kuchelewa. Kinyama kikichukuliwa kwa utaratibu unaotakiwa, hatari ya kuusambaza ugonjwa kwa sababu hiyo ni ndogo mno, na haiwezi kulinganishwa na hatari ya kukaa na uvimbe usiojulikana.

KINYAMA KILICHOFUNDISHA ULIMWENGU

Msidhani kwamba elimu hii yote imetoka mbali na kuletwa kwetu. Sehemu yake ilianzia hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Alipotafuta katika kumbukumbu na kuuliza hospitali nyingine, akaona ugonjwa ule ni wa watoto wengi wanaoishi katika nchi za joto na mvua, ambako malaria imeenea. Mwaka 1958 akaandika habari zake, na mpaka leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake.

Mjini London alikuwako mtafiti aitwaye Anthony Epstein, aliyekuwa akipelekewa vinyama vya watoto hao kwa ndege kutoka Uganda. Mwezi wa Desemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kinyama kilipomfikia, majimaji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Angeweza kuyamwaga. Badala yake aliweka tone chini ya darubini, akaona kwamba uchafu ule ulikuwa chembe hai za saratani zilizokuwa zikielea. Kutokana na chembe za namna hiyo, mwaka 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Tone lile lilikaribia kumwagwa. Je, ni mangapi tunayoyamwaga sisi katika mashimo ya takataka?

MAHALI TUNAPOWEZA KUITANGULIA

Nimesema kwamba makosa ya chembe hukusanyika kwa miaka mingi. Hilo ni jambo la kutisha, lakini ndilo pia tumaini letu, kwa kuwa katika miaka hiyo ipo nafasi ya kuuzuia ugonjwa kabla haujavuka mpaka. Nitataja saratani mbili zinazowahusu wanachama wa ushirika moja kwa moja.

Ya kwanza ni saratani ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, wanawake zaidi ya 10,000 hupatwa nayo kila mwaka katika Tanzania. Karibu yote husababishwa na virusi vya papiloma, na kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 tangu virusi kuingia mpaka saratani kutokea. Kwa mwenye kinga dhaifu ya mwili muda huo huwa mfupi zaidi. Katika miaka yote hiyo chembe zilizopotoka huwa zingali juu ya utando, hazijapenya. Muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa makali, na mahali palipoharibika hugeuka peupe. Pakionekana, huweza kuunguzwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi, na mara nyingi mama akarudi nyumbani siku ile ile. Tena iko chanjo. Nchini kwetu ilianza kutolewa kwa wasichana wa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 huchanjwa mara moja tu.

Ya pili ni saratani ya ini, nayo mlango wake mmoja uko katika maghala yetu. Mahindi na karanga zisizokauka vizuri huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu ambayo wataalamu wa kilimo wameipa jina la sumukuvu. Ikiwa nyingi sana huua mara moja, kama ilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ikiwa kidogo kidogo kila siku haionekani, bali huharibu maandishi ya masharti ndani ya chembe za ini, mwaka baada ya mwaka. Kuipika hakuiondoi. Na mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akiila, hatari yake huzidi maradufu mara nyingi. Ndiyo maana chanjo ya watoto wachanga na ukaushaji wa mahindi ni kinga za ugonjwa mmoja.

MAOMBI YANGU KWA VYAMA

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuwatia watu hofu na kuondoka. Naomba kila chama cha msingi kifikirie mambo manne.

La kwanza, siku za malipo ya mazao au za mkutano mkuu, wauguzi wa wilaya waalikwe kuwapima akina mama mlango wa kizazi na matiti. Waanze na wenye umri wa miaka 30 na kuendelea, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI wapimwe mapema zaidi na mara nyingi zaidi. Waume wasiwazuie wake zao. Mficha uchi hazai.

La pili, ghala la chama lisipokee mahindi mabichi. Yakaushwe juu ya turubai, wala si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke kufika asilimia 13 hivi. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zichambuliwe na kuteketezwa. Zisiuzwe, zisitengenezewe pombe, wala wasilishwe kuku na ng'ombe, kwa maana sumu hiyo hupita hata katika maziwa.

La tatu, kila mwanachama atakayetolewa uvimbe, hata uwe mdogo kiasi gani, aulize maswali matatu kabla ya kuondoka: kinyama changu kimepelekwa maabara gani, kimepewa namba gani, na majibu yake nitayafuata lini? Kuuliza hivyo si utovu wa heshima kwa tabibu. Ni haki ya mgonjwa. Na kwa kuwa wengi hushindwa kuyafuata majibu kwa kukosa nauli, chama kitenge fungu dogo la safari hizo, na katibu atunze siri ya mgonjwa kama anavyotunza fedha za chama.

La nne, tuzijue dalili na tusizionee aibu: uvimbe unaokua, kidonda kisichopona kwa majuma mengi, damu inayotoka ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, taabu ya kumeza, damu katika mkojo, na kukonda bila sababu. Damu katika mkojo ni dalili ya kichocho, nacho kichocho kisichotibiwa huweza kuzaa saratani ya kibofu. Mwenye dalili mojawapo si lazima awe na saratani. Mkumbukeni mzee yule wa ng'ombe wawili. Lakini lazima apimwe.

Na kwa wale ambao ugonjwa umewashinda njiani, tusiwatenge. Wapo wanaoweza kupunguziwa maumivu kwa dawa za hospitali hadi siku ya mwisho, na jirani anayepeleka maji na kuni katika nyumba ile anashiriki katika matibabu.

Ndugu Wanachama, mwanachama mmoja akivunja masharti, chama hakingoji mpaka ghala liwe tupu ndipo kiitishe mkutano. Huitisha mara tu inapoonekana dalili, vitabu vikafunguliwa, na hesabu zikakaguliwa. Naomba tuitendee hivyo miili yetu. Mimi na wenzangu tunangoja kwenye darubini zetu. Ninyi tuleteeni vinyama mapema, katika formalini, navyo vikiwa na majina yaliyoandikwa vizuri.